Ngoro Yangu ya Kwanza

Leo kwenye shamba la shule nimesikia harufu ya majani yanayooza chini ya udongo, nikajikuta kwetu mlimani, tunakolima kwa ngoro, yale mashimo ya kukinga maji ya mvua yasiporomoshe udongo.

Nilikuwa mdogo. Bibi alinipa jembe akasema, "Shimo hili la ngoro unalichimba peke yako. Ukilimaliza, wewe si mtoto tena." Akashuka zake mtoni. Mimi niliyeogopa hata kuitikia salamu, nikabaki na mlima mzima.

Nilichimba, nikafukia majani kwa udongo kuzunguka shimo. Likatoka limepinda.

Bibi aliporudi alicheka. "Lina kitambi kama babu yako! Lakini maji litashika. Haya, nani alikuwa anaimba hapa? Nimemsikia mpaka mtoni."

Nikageuka nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Ni mimi, Bibi."