Mate Aliyoyameza Babu

Kagwiria alikuwa mtoto wa miaka minne alipogundua kwamba watu walikuwa wakitema mate kwa ajili yake. Ilikuwa sokoni Mitunguu, naye alikuwa amefungwa mgongoni mwa nyanya yake. Mama mmoja mjamzito alimtazama, akaifungua shingo ya gauni lake, akajitemea kifuani. Nyanya alimweleza baadaye, kwa sauti ile ile aliyotumia kuzungumza habari za mvua, kwamba wenye mimba hufanya hivyo wakimwona mtoto mlemavu, ili aliye tumboni asije akazaliwa vile. Tangu siku hiyo Kagwiria aliona kinyaa cha mate, na kinyaa hicho hakikumwacha alipokua.

Madaktari walisema ni mtindio wa ubongo. Vidole vya mkono wake wa kulia vilijikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua, na mguu wa upande huo ulipenda kuburuta ncha yake ardhini. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Lakini utotoni midomo yake ilivuja bila yeye kuhisi, na wenzake shuleni wakampa jina la Kamate.

"Kamate, leta ndoo," walimwambia, "tukusaidie kunywesha migomba ya kwenu."

Maji ndiyo yaliyomfaa, kwa kuwa ndani ya maji hakuna ajuaye mate ni yapi. Jirani yao Muthamia alikuwa amechimba bwawa la kunyunyizia shamba lake na kulitandika nailoni nyeusi. Jioni baada ya jioni, babu yake, mzee Thuranira, alimfunga kamba kiunoni, akamshusha humo taratibu, akabaki ukingoni ameishika kamba kama mtu achungaye ndama wa thamani. Siku moja Kagwiria aliogelea hadi ng'ambo, na alipogeuka akaona kamba inaelea na mzee ameketi anamenya ndizi.

"Niliiachilia juzi," Thuranira alisema. "Hukuuliza."

Baadaye ikaja baiskeli, ambayo breki zake zote mbili zilihamishiwa upande wa kushoto. Kisha akaja mwalimu Njue kutoka Embu, aliyemwona mbioni katika michezo ya shule na kumweleza kuwa kuna mashindano ya walemavu yanayounganisha mambo matatu: kuogelea, baiskeli na kukimbia. Wakayaita paratriathloni. Nyanya yake hakufaulu kulitamka neno hilo hadi alipofariki.

Ndiyo sababu, akiwa na miaka kumi na tisa, Kagwiria alisimama asubuhi yenye baridi kando ya bwawa la kuogelea mjini Embu. Ulikuwa mchujo wa timu ya taifa. Atakayemaliza ndani ya muda uliowekwa angesafiri na timu. Atakayechelewa angerudi nyumbani, na kwa Kagwiria nyumbani kulimaanisha migomba na jina la Kamate.

Mbaka, mtunzaji wa bwawa, alimvuta Njue pembeni, ingawa si mbali vya kutosha.

"Mwalimu, huyu wako aingie mwisho. Wazazi wa watoto wanaojifunza hapa wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Kama hiyo kitu inaambukiza."

"Waambie inaambukiza mbio," Njue alijibu. "Wakae karibu."

Mbaka hakucheka. Alichukua ndoo ya dawa ya kusafisha maji akaongeza kipimo kingine, upande ule ule ambao Kagwiria alikuwa amejinyoosha, naye akiangalia. Harufu yake ilikuwa kali kama ya choo cha hospitali. Na kana kwamba hayo hayakutosha, miongoni mwa wazazi waliosimama penye ua palikuwa na mama mwenye gauni la manjano na mimba kubwa. Macho yao yalikutana. Mama akainamisha kidevu, akajitemea kifuani haraka haraka, kisha akatabasamu kwa adabu.

Kagwiria akampa mgongo.

Hapo ndipo babu yake alipomjia, amevaa koti lake la kanisani. Thuranira alilelewa na misheni. Huko walifundishwa kwamba mate ni uchafu na kifua kikuu, na aliyetema uwanjani alichapwa rula. Lakini nyuma ya kanisa, walimu wakiwa wamekwenda kunywa chai, wazee waliendelea kuwabariki watoto kwa desturi ya kale: mzee hutema mate kidogo katika viganja vya mtoto, na mtoto hujipaka kifuani. Thuranira aliyakumbuka mate ya babu yake, yenye harufu ya asali na ugoro. Yeye mwenyewe, mzee wa kanisa, hakuwahi kufanya jambo hilo.

"Nyoosha viganja, mjukuu wangu," alisema.

Kagwiria aliona midomo ya mzee ikikusanyika, akajua. Mwili wake ulirudi nyuma kabla ya moyo wake. Akaufunga hata ule mkono uliozoea kufunguka.

"Babu, sitaki mate ya mtu yeyote leo."

Thuranira akayameza, polepole, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Haya," alisema. "Nenda."

Katika maji ile dawa ilimchoma macho, naye akatoka akiona ukungu. Katika barabara ya kwenda Runyenjes baiskeli ilimtii. Ila katika mbio uchovu ulimshika taya, na yale ya utotoni yakarudi: mate yakamtiririka kidevuni mbele ya umati wote. Alisikia mtu akiguna kwa kinyaa. Kujifuta kungemvurugia usawa wa mwili, na mguu ungekwaa. Akayaacha yatiririke. Yalimfika kifuani, naye akavuka mstari muda ukiwa bado upo.

Mama wa gauni la manjano ndiye aliyemfikia wa kwanza, simu mkononi.

"Dada, hongera. Tupige picha. Na unishike hapa tumboni, mtoto apate hizo nguvu zako."

Kagwiria aliutazama ule mkono uliokuwa ukiuvuta wake kuelekea tumbo. Kinyaa kilikuwa kile kile cha sokoni, hakikupungua hata chembe.

"Asubuhi ulimkinga nisimguse," alisema, akajiondoa mkononi mwake na kupita.

Thuranira alikuwa ameketi penye ua, koti amelikunja magotini. Kagwiria akapiga magoti mbele yake. Akanyoosha kiganja cha kushoto, kisha kwa mkono huo akavifungua vidole vya kulia, kimoja kimoja.

"Bado unayo, Babu?"

"Niliyameza," mzee alisema, akajilamba midomo iliyokauka. "Niletee maji kwanza."