Wembe Afundishwa Lugha Laini

Jina alilopewa na wazazi wake hatulitumii. Wodi nzima ya wanaume, kuanzia daktari mpaka mfagiaji, inamwita Wembe, na sababu iko mdomoni mwake. Ni muuguzi msaidizi, cheo ambacho, kwa wasioijua hospitali, maana yake ni kwamba muuguzi anaandika na msaidizi anauguza. Mimi ndiye muuguzi mwenyewe, kwa hiyo najua ninachosema.

Wembe ndiye anayegeuza wagonjwa ili migongo isichubuke. Anawaogesha, anawalisha uji kijiko kwa kijiko, anabadilisha mashuka mtu akiwa yumo humo humo kitandani, anapeleka chombo cha haja na kukirudisha bila kukunja uso. Ana mkono mwepesi, hata wagonjwa wakorofi wanakiri. Tatizo ni maneno. "Baba, kidonda kinanuka, geuka nikisafishe." "Kaka, dawa hujameza, ziko chini ya mto, nimeziona. Utameza au nimwite mkeo?" Kuna bwana mmoja alimletea ndugu yake mwenye kisukari mfuko mzima wa soda, Wembe akamwuliza mbele ya watu: "Umekuja kumwona au umekuja kumsindikiza?"

Wagonjwa walimpenda, maana kwake hakuna kubahatisha. Waliomchukia ni ndugu wa wagonjwa, wale wanaokuja wamevalia, wanakaa nusu saa wakitazama simu, halafu wanarudi kusimulia jinsi walivyouguza. Hao ndio waliokuwa wakilijaza sanduku la maoni.

Ndipo hospitali ikaajiri Ofisa Ukarimu. Glavu zilikuwa hazitoshi na pamba tulikuwa tunaazimana na wodi jirani, lakini wakubwa walichunguza wakaona kilichopungua zaidi ni ukarimu. Alikuwa kijana mtanashati, tai imenyooka, na manukato yake yalikuwa yanafika wodini kabla ya mwenyewe. Akatukusanya kwenye ukumbi wa chakula akatufundisha kitu alichokiita Lugha Laini. Kuanzia siku ile hospitali haina mgonjwa, ina mgeni wetu. Hakuna foleni, kuna safari ya huduma. Dawa haiishi, iko njiani. Kitanda hakikosekani, ila mgeni anaandaliwa nafasi. Wakati anayasema hayo, mgeni mmoja anayeandaliwa nafasi alikuwa amelala kwenye benchi la korido, miguu inaning'inia.

"Na mtu akifa tunasemaje?" Wembe akauliza.

Ofisa alikunja uso kama aliyetukaniwa mama. "Dada yangu, hilo neno halifai hospitalini."

"Basi wanaokufa humu tuwaonyeshe pa kwenda."

Tukacheka ukumbi mzima, na kicheko chetu ndicho kilichomponza. Siku hiyo hiyo Matroni alimwita ofisini: malalamiko yamezidi, likija moja tu tena, kazi hana. Wembe akatoka amenywea. Nyumbani ana mama yake asiyeweza kusimama, hana mwingine wa kumtegemea, na kazi nyingine Wembe haijui. "Nimekoma, dada," akaniambia. "Sasa nitaongea asali tupu. Hata mtu akinikanyaga nitamwambia asante."

Ilikuwa inatia huruma kumsikiliza. "Mgeni wetu, je, ungependa kugeuka?" Mgonjwa aliyemzoea akamwuliza kama anaumwa.

Wakati huo tulikuwa na mzee mmoja mwenye bucha, mtu wa kifua na sauti, sisi tukamwita Mzee Bucha. Alikuwa amepasuliwa tumbo, na baada ya kupasuliwa akashikwa na kwikwi. Usicheke. Kwikwi isiyokoma humnyima mtu usingizi, humtonesha mshono, humliza mwanamume mzima. Daktari alijaribu hiki na kile, na mchana mmoja dawa ikamkubali. Mzee akanywa uji kidogo, kwikwi ikakata, akalala. Wodi nzima ikanyamaza. Hata wale wa pembeni ya dirisha, mabingwa wa kubishana mpira, walibishana kwa kunong'ona.

Simu ya wodi ikalia. Mimi nilikuwa nafunga kidonda cha mtu, Wembe akapokea. Aliyepiga alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee, mwenyekiti wa kila kitu: wa ukoo, wa mtaa, wa kamati za harusi za watu asiowajua. Alitaka kujua baba anaendeleaje. Na pale mezani, kama aliyetumwa na ibilisi, alikuwa amesimama Ofisa Ukarimu, kalamu mkononi, ametega sikio.

Siku nyingine Wembe angesema, "Kalala, anakoroma, msije kumwamsha." Lakini nilimwona anamtazama Ofisa, anameza mate, anatafuta neno laini kuliko yote aliyofundishwa.

"Baba yetu mpendwa amepumzika," akasema.

Ya upande wa pili Wembe alinisimulia baadaye. Mtoto wa kwanza akauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Lini?"

"Sasa hivi tu, baada ya uji. Amepumzika kwa amani kabisa. Maumivu hana tena."

Ofisa akamwinulia dole gumba.

"Alisema lolote?"

"Alisema tumshukuru daktari." Wembe aliisikia ile sauti inavyotetemeka, akadhani ni furaha.

"Tuje sasa hivi?"

"Hakuna haraka, ndugu yetu. Jipangeni, mje kwa utulivu. Ila msisahau shuka jeupe." Shuka la mzee lilikuwa limeloa jasho, na kwenye stoo ya hospitali mashuka yalikuwa njiani.

Akaweka simu. "Umeona, dada?" Ofisa akampongeza. "Neno jema halina gharama."

Sasa niambie wewe. Umelaza baba hospitalini, unapiga simu, unaambiwa amepumzika kwa amani, lete shuka jeupe. Utauliza maana? Jioni haijaingia, turubai lilikuwa limeshasimama nyumbani kwa mzee, viti vya kukodi vimepangwa, na wajumbe wa kamati wameanza kugombana nani asimamie chakula. Watoto na mashangazi wakaja hospitalini na nguo nyeusi, wakapita wodi bila kuitazama, moja kwa moja mochwari. Mhudumu wa mochwari ni mtu makini, anawajua watu wake wote. Akatazama, akarudia kutazama, akasema huyo hajampokea.

Hapo ikawa balaa. "Mmempeleka wapi baba yetu? Mmemwuza?" Shangazi mmoja alianguka chini kwa uchungu, akagundua pana matope, akainuka, akaenda kuangukia pasafi. Ofisa Ukarimu akaitwa mbio kuja kutuliza. Akafungua mikono yote miwili. "Ndugu wapendwa, ondoeni wasiwasi. Mgeni wetu yuko kwenye safari ya huduma."

Mwenyekiti wa kila kitu akamkamata tai.

Walimsukuma mpaka wodini wakimtaka aliyepokea simu. Zile kelele ndizo zilizomwamsha mzee. Mlango ulipofunguka alikuwa ameshakaa kitako, anatazama nguo nyeusi, anatazama shuka jeupe mikononi mwa binti yake, anatazama wasifu wa marehemu ukichungulia kwenye mfuko wa koti la mwanawe.

"Nani kafa?" akauliza.

Shangazi yule safari hii alisahau kuanguka.

"Ni wewe, baba," Wembe akasema. "Lakini si kweli."

Mzee alicheka mpaka tukauogopea mshono. Wenzake wa vitandani wakacheka, mimi nikacheka, mfagiaji akalazimika kuegemea ufagio. Wenye msiba hawakucheka. Aibu ya mtu mzima haikai aibu kwa muda mrefu, hugeuka hasira, na kabla hawajaondoka mtoto wa kwanza alishafika kwa Matroni kulalamika. Kikao kikapangwa kesho yake asubuhi. Lile lalamiko moja lililobaki lilikuwa limefika, na limevaa nyeusi.

Asubuhi Wembe alikuja kazini mapema kama kawaida. "Kama ni siku ya mwisho," akaniambia, "wasiseme niliwaacha wachafu." Akaanza kuogesha. Alipofika kwa Mzee Bucha alimkuta hacheki tena.

"Binti," mzee akasema, huku anasuguliwa mgongo, "jana wanangu walikuja na shuka."

"Walikosea, baba. Mimi ndiye niliyewakosesha."

"Sikiliza. Mtu akiambiwa ghafla baba yake kafa, hushtuka. Huuliza, vipi tena, si alikuwa anaendelea vizuri? Wangu hawakuuliza. Waliweka turubai. Wasifu ulikuwa umepigwa chapa kabisa. Hao walikuwa wananingoja." Akashika ukingo wa kitanda. "Daktari nikimwuliza ananiambia tunafuatilia. Mwanangu ananiambia mwezi ujao nitakuwa nakata nyama. Wewe wanakuita Wembe. Nitapona?"

Ukweli tuliujua sote. Daktari alifungua tumbo, akakuta ugonjwa umeenea kila mahali, akalifunga. Akamwambia mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza akaagiza mzee asiambiwe, asije akakata tamaa. Basi mzee alikuwa na matumaini, na watoto walikuwa na wasifu.

Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nikainamia dripu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mlangoni alishafika Ofisa Ukarimu, tai mpya, amekuja kumchukua Wembe ampeleke kikaoni. Alilisikia swali. Alimtazama Wembe na kumtikisia kichwa, polepole, kama unavyomkataza mtoto kugusa jiko.

Wembe alimwona. Akakamua kitambaa, akakiweka kwenye beseni, akazunguka kitanda mpaka akawa ana kwa ana na mzee.

"Hapana, baba. Hutapona."

Alilisema kwa sauti ile ile anayosemea geuka, wala si ya ukali wala si ya asali. Nikaona machozi yanamlengalenga, na sikumbuki kumwona hivyo kabla ya hapo.

"Muda upo?"

"Upo kidogo. Si wa kuchezea."

Mzee akapumua. "Malizia mgongo," akasema, "halafu niitie yule mwenyekiti wangu. Aje na karatasi yake."

Mtoto wa kwanza alikuwa nje kwenye benchi, anangoja kikao. Akaingia, akaambiwa asome. Alikataa, akabembelezwa, akafokewa, akasoma. Aliposoma kwamba marehemu hakuwahi kumpunja mteja, mzee akainua mkono.

"Hapo umedanganya. Mizani yangu naijua mimi. Futa."

Akaendelea. Marehemu aliwapenda watoto wake wote sawasawa.

"Na hapo pia. Nilimpenda zaidi dada yako, hata wewe unajua." Yule mtu mkubwa akainamisha kichwa. "Lakini niliyemtegemea ni wewe. Hilo hukuliandika. Liandike."

Mwanawe akakaa ukingoni mwa kitanda, akatoa kalamu. Wembe akavuta pazia la kitanda akawaacha. Akaenda kunawa mikono, akamfuata Ofisa kikaoni.

Kikao kilikaa ofisini kwa Matroni, nami nikaitwa kama shahidi. Ofisa alisoma mashtaka kwa sauti nzuri. La kwanza, msaidizi huyu alimwua mgeni kwa simu. La pili, leo hii asubuhi amemwambia mgeni huyo huyo kwamba atakufa. Kwa hiyo ameichafua hospitali kwa maneno laini, na ameichafua tena kwa maneno makavu, na kwa yote mawili anastahili kufukuzwa. Nikamtazama Wembe. Alikuwa amekunja mikono mapajani, na ile mikono ilikuwa bado inanuka sabuni ya wodi. Hakujitetea. Alisema tu kwamba simu ile ilikuwa kosa lake, na anaomba radhi, lakini ya asubuhi haombi.

Mtoto wa kwanza aliingia akiwa amechelewa, macho mekundu. Akakaa kiti cha ukutani.

"Ndugu," Matroni akamwambia, "lalamiko ni lako. Ukilishikilia, huyu anaondoka leo. Unasemaje?"

Mwenyekiti wa kila kitu akasimama. Alikohoa kama watu wanaojua kuongea mbele za watu.

"Lalamiko ninalo," akasema. "Baba ana watoto, ana ndugu, ana daktari. Alipotaka kujua kama anakufa, akamwuliza anayemsugua mgongo, kwa sababu sisi wote alijua tutamdanganya. Sasa hilo, mama, nimlalamikie nani?"

Matroni akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Wembe, rudi wodini," akasema. "Wagonjwa hawajageuzwa."

Wembe akaondoka upesi, hakuna aliyepata nafasi ya kumshika mkono. Ofisa Ukarimu akafungua faili lake, akaandika huku anatamka maneno taratibu ili nasi tusikie: lalamiko limetatuliwa, mteja ameondoka akiwa ameridhika. Mteja alikuwa bado amesimama pale pale mbele yetu, analia.