Baba Alipopata Jiko

Kila ninapokata sabuni ya mche, mkono wangu husita kidogo. Harufu yake hunirudisha Kibondo, miaka ya sabini, kwenye barua za baba. Baba alikuwa akikata mkonge Tanga, kama wanaume wengi wa Buha, nchi yetu sisi Waha, wakati ule. Barua zake zilipitia sanduku la posta la duka la Bi Zuhura, mama wa Kiislamu aliyeolewa huku kwetu kutoka Pangani, naye alizihifadhi ndani ya boksi la sabuni mpaka mmoja wetu apite kuzichukua. Kwa hiyo habari za baba zilinukia kabla hazijasema neno.

Nilikuwa darasa la nne, na mimi ndiye niliyekuwa kinywa cha barua hizo. Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Nilisoma mstari, nikaugeuza kuwa Kiha, yeye akisikiliza huku anachambua maharage kwenye ungo. Nakiri niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilipenda kuona maneno yanavyofanana kama watoto wa ndugu: maji kwa Waswahili, amazi kwetu, jiko kwao, iziko kwetu. Mara ya kwanza niliposoma, “Mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu,” mama aliacha kuchambua.

“Anatuogopa? Tumemfanyia nini?”

Tulicheka sana siku hiyo, nami nikajiona mjuzi wa lugha zote mbili.

Ndipo ikaja ile barua. Katikati baba aliandika: “Nawajulisha kuwa nimepata jiko, kwa hiyo msihangaike tena juu ya mlo wangu.” Nilitafsiri bila kusita. Baba amepata iziko! Mama aliweka ungo chini, akafumba macho. Miaka miwili alikuwa akiumia moyoni kwamba mumewe anakula ugali uliopoa kwenye kambi ya vibarua. Aliwaambia majirani, na habari ikafika hadi kwa shangazi, kijijini Busunzu.

Jumamosi alinituma dukani na kifurushi cha maharage, Bi Zuhura amtafute msafiri wa kuyafikisha Tanga.

“Shikamoo mama,” nilimwambia Bi Zuhura. “Haya ni ya kupikia kwenye jiko jipya. Baba amepata jiko.”

Mwanamke mmoja aliyekuwa barazani alicheka mpaka akaishika khanga yake isidondoke. Bi Zuhura hakucheka. Alinivuta ndani, kwenye magunia ya chumvi.

“Mwanangu, kwetu sisi mwanamume akisema kapata jiko, kaoa.”

“Lakini baba ni Mha. Labda amenunua jiko kweli.”

“Labda,” alisema. “Ila miaka miwili Tanga, Kiswahili kishamwingia.”

“Nimwambie mama?”

Alifikiri. “Mjumbe hauawi, lakini wewe ni mtoto. Muulize kwanza baba yako mwenyewe.”

Nilirudi nyumbani. Tangu siku hiyo neno jiko likawa kama mbwa asiyefungwa. Sikujua litatokea upande gani. Mwalimu akisema jiko, naangalia chini. Mama aliongea juu ya lile jiko kila siku, akijiuliza ni la kuni au la mkaa, na kila alipofurahi mimi nilipungukiwa na hamu ya kula. Nilijiuliza kama mtu aliyetafsiri vibaya bila kujua naye ni mwongo, na kama ni hivyo, aliyekwisha kujua na bado amenyamaza ni nani?

Ulipofika wakati wa kujibu, mama alisema nami nikaandika. “Mwambie alitunze jiko lake. Asiliazime watu.” Niliyaandika yote. Kisha chini kabisa nikaongeza yangu: “Baba, jiko hilo ni la moto au ni mtu?”

“Mbona umeandika kwa kirefu hivyo?” mama aliuliza.

“Ni salamu, mama.”

Tulisubiri majuma mengi. Nilitamani barua ije, na nilitamani gari la posta lizame matopeni lisifike kamwe. Ilipokuja, tuliketi mlangoni kama kawaida. Salamu zilipita salama. Halafu macho yangu yakaangukia maneno haya: “Melania mwanangu, ni mtu. Usimsomee mama yako. Nikija nitamwambia mwenyewe.”

Niliruka mstari huo. Nikaendelea na salamu za shangazi.

“Ngoja,” mama alisema. “Macho yako yametembea, mdomo umesimama.”

“Wino umefutika.”

Aliichukua karatasi mikononi mwangu. Lazima niseme kwamba miezi mitatu kabla ya hapo mama alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima. Jioni walikaa kwenye madawati yetu madogo wakiimba ba, be, bi, nami na wenzangu tuliwachungulia dirishani tukicheka. Sasa kidole chake, chenye vumbi la maharage, kilitambaa juu ya mstari ule ule. Niliomba kimshinde.

“Ni,” alisema. “M... tu. Ni mtu.” Akainua uso. “Umuntu?”

Hapo hakuhitaji mkalimani.

Nilimweleza yote: baraza la duka, kicheko, swali langu. Nilingoja kofi. Aliuliza jambo moja tu.

“Umelijua tangu lini?”

“Tangu siku ya maharage.”

Alinitazama muda mrefu, kama anayempima mtoto homa. Kisha akaikunja barua, akaiweka kifuani mwake.

Baba alikuja mwaka uliofuata pamoja na mke wake mpya, mwanamke mpole wa Korogwe aliyetetemeka kwa baridi yetu ya asubuhi. Mwishowe alijenga naye Kasulu. Mama alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akamkaribisha chakula, kisha akaenda zake shambani. Sikumwona akilia, ingawa kwa muda mrefu hakuimba.

Lakini mimi lililoniuma ni jingine. Tangu siku ile mama hakunipa tena barua yoyote. Alizisoma mwenyewe, polepole, midomo ikicheza, na akazijibu kwa herufi kubwa zilizolala upande kama uzio mbovu. Nilimbembeleza aniachie nisome japo bahasha. “Nenda kacheze,” aliniambia. Niliamini nimefukuzwa kazi kwa kutafsiri vibaya, na aibu hiyo nilikua nayo.

Ilibidi binti yangu afikishe umri ule ule. Siku moja nilimtazama akiruka kamba uani, mabega yake membamba yakipanda na kushuka, ndipo nikaelewa ni kwa nini baada ya barua ile mama alizidi kuyakazania yale ba, be, bi, mgongo umekunjwa kwenye dawati la mtoto. Alitaka maneno ya watu wazima yasipite tena kinywani mwangu.