Kilo za Daforoza

"Dada, hizo kilo zake ni za nini, kama hawezi kusimama?"

Aliyeniuliza ni mkulima wa Butihinda, mume wa mgonjwa wetu Daforoza, siku niliyofika kwake nikazisifia kilo alizoongezeka hospitalini. Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu na wewe umesoma, unahoji kila kitu, na juzi nilikuona umenuna mwenzako aliposifiwa.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania, amani imeshika, nikamaliza chuo kikuu na kupata kazi ya utafiti katika hospitali moja ya Gitega. Wagonjwa mahututi walilishwa kwa mpira wa puani, nasi tulitaka kujua kama kuwaongezea chakula kunawasaidia. Lakini msaada huo tuuone wapi? Mimi nilisema kwenye mizani, siku mgonjwa anapotoka. Nikamtaja Daforoza, jinsi alivyoongezeka. Spesi, muuguzi ambaye hakusoma chuo kikuu, akambonyeza Daforoza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"We Evelina, hii ni maji," akasema. "Mi nyama siioni."

Akapendekeza tuwafuate wagonjwa nyumbani baada ya miezi mitatu, tuone nani anainuka mwenyewe, nani anashuka chemchemini na kurudi na bido, dumu lake la maji. Wauguzi wakacheka, wakasema kesho Spesi atapima na mihogo. Daktari mkuu hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamsikiliza kama ambavyo hakuwahi kunisikiliza mimi. Kiti kile kiliniuma, mwanangu. Mpaka leo kinaniuma kidogo, sitakudanganya.

Daktari akaamua tujaribu vipimo vyote viwili kwa wagonjwa wachache, kisha achague kimoja. Nikapewa Daforoza. Miezi mitatu ilipotimia, kwenye basi hadi Muyinga, na kwenye pikipiki hadi Butihinda, niliomba nimkute analima. Sikumwombea yeye. Nilitaka kilo zangu ziwe zimesema kweli.

Nilimkuta mkekani, anachambua maharage. Mikono ilifanya kazi, miguu haikumnyanyua. Mumewe ndiye aliyembeba hata kwenda chooni, na ndiye aliyeniuliza lile swali. Niliaga haraka. Daforoza akanipa ndizi za kula njiani. Kabla sijafika barabarani nilikuwa nimeshaandika kwenye fomu ya kipimo cha Spesi neno moja: hakupatikana.

Nilikaa na neno hilo wiki sita. Spesi alinisalimia kila asubuhi kama kawaida, nami nilimchukia kwa hilo pia. Mwishowe nikaingia kwa daktari, Spesi akiwepo, nikasema nilimkuta Daforoza na nikamficha. Daktari akaniamuru niandike upya kwa mkono wangu. Kipimo cha Spesi ndicho kilichochaguliwa. Spesi alisema tu, "Sawa. Umesema."

Kwa hiyo, ukiambiwa uchague cha kupima, usitazame nani amekileta. Muulize mgonjwa, au yule anayembeba, akipona anataka kufanya nini. Pima hicho, hata kama aliyekiona kwanza ni mtu ambaye sifa zake zinakukera. Wivu utakujia, mimi bado unanijia. Ukikujia, weka kalamu chini kwanza, uishike tena ukiwa umetulia. Mungu akujalie kuona watu kabla ya karatasi zao, na akuweke karibu na wenzako wanaoona usichokiona.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Daforoza sokoni Muyinga, amesimama, anauza maharage. Aliniambia kwamba wiki moja tu baada yangu, Spesi alifika Butihinda siku yake ya mapumziko, akamfundisha mumewe kumsimamisha kila asubuhi ameshika mlango, kidogo kidogo. Alikuwa na fomu mpya, akaijaza yote. Wiki zote zile nilizokaa na neno langu, fomu ile hakuipeleka kwa daktari.