Kamera Isiyo na Kioo na Sauti ya Kaka Yangu

Ashukuriwe Mungu aliyemwumba mtu akamtia pumzi, na ndani ya pumzi akaweka sauti. Ashukuriwe kwa mvua aliyotuletea huku Tlawi kabla maharage hayajanyauka, na kwa miaka aliyoniongezea mimi, katekista mstaafu, nikiwa bado naiona njia ya kwenda kanisani bila kushikwa mkono. Kwa jina lake naanza kueleza jinsi tulivyonunua kamera.

Kaka yangu mkubwa aliugua koo. Lilianza kama mafua ya msimu wa baridi, likakaa, likakataa kuondoka. Daktari alipomchunguza alisema lazima apasuliwe, na hakutuficha kwamba baada ya upasuaji sauti inaweza isirudi. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akauliza kama ataendelea kula ugali. Aliambiwa atakula. "Basi," akasema, "tupange siku."

Mimi niliwaza jambo lingine. Katika ukoo wetu kaka ndiye anayetuongoza katika slufay, maombi ya baraka ya sisi Wairaqw. Mzee husimama mbele ya watu, akaitaja ardhi, mvua, mifugo, watoto na wagonjwa, na kila akivuta pumzi sisi tunaitikia. Hayajaandikwa popote. Kila mzee huyasema kwa maneno yanayomjia siku ile, na kaka yangu hujiwa na maneno kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Hata padre humwachia nafasi kanisani siku ya mavuno, naye padre akishaketi anajua hatasimama upesi. Jambo moja tu halivunjwi: slufay ikianza haikatwi, wala hairudiwi. Huwezi kumwambia mzee, "Hebu sema tena pale." Maneno yameshakwenda kwa Mungu.

Kaka alisema ataomba mara moja kabla ya kwenda hospitali. Hiyo mara moja ndiyo tuliyotaka kuihifadhi.

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yetu, hupiga video za harusi na kipaimara kwa kamera za kukodi. Yeye ndiye aliyesema simu haitafaa. Alitukumbusha mazishi ya mwaka jana, jinsi kijana mmoja alivyorekodi kwa simu, akapigiwa katikati, na tukabaki na wosia uliokatwa na mlio wa muziki.

"Mjomba, tununue kamera ya kweli," alisema. "Sauti ya mjomba mkubwa haifai kubahatishwa."

Nilimwangalia sana. Alikuwa akililia kamera yake mwenyewe tangu alipomaliza shule. Sasa kaka anaumwa, dume la ng'ombe limeuzwa kwa ajili ya matibabu na chenji imebaki, na ghafla inahitajika kamera. Nilijiambia kwamba kwenye safari hiyo nitakwenda mwenyewe.

Tulishuka Hanang, hadi Katesh, kwa kijana mmoja mwenye duka la picha. Ni mtoto wa wafugaji wa Gendabi. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Halafu akamsalimia mpwa wangu kwa kumtania na kuulizia harusi ya Maretadu ilikwishaje. Kumbe wanafahamiana. Hilo nililiweka moyoni.

Alitoa kamera mbili akaziweka juu ya kaunta. Zote mbili zilikuwa zimetumika. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito ya kujaza mkono. Hii wanaiita DSLR. Aliifungua mbele nikaona kioo kidogo ndani yake kimelala mshazari. Alieleza kwamba mwanga huingia, hupiga kwenye kile kioo, hupanda juu, ndipo mtu akichungulia kwenye dirisha dogo la nyuma huona. Ilieleweka. Akairudishia lenzi, nikachungulia, nikamwona mama mmoja mlangoni aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti, safi kabisa, na kikapu chake. Kijana alipobonyeza, ikalia kama mlango wa kabati unaofungwa vizuri. Nikaipenda.

Ya pili ilikuwa ndogo, nyepesi. "Hii ni mirrorless, mzee. Haina kioo."

"Kioo kimekwenda wapi?"

"Kimetolewa. Ndiyo teknolojia mpya."

"Na bei?"

Akaitaja. Ilikuwa juu kuliko ya ile kubwa.

"Yaani wametoa kitu ndani, halafu wakapandisha bei," nilisema. "Nami nikimtoa ng'ombe maini, nikuuzie ghali zaidi?"

Mama wa pasipoti akacheka. Kijana naye akacheka, lakini niliona anapoishika ile ndogo anaweka kidole gumba mahali pamoja tu, upande wa chini, na hakitoi. Nilisogea kulia, naye akaigeuza. Nilisogea kushoto, akaigeuza tena.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, kwa picha za mnato hata mimi ningechukua hiyo kubwa. Lakini sisi tunataka video. Chungulia tena, halafu yeye aanze kurekodi."

Nikachungulia. Kijana akabonyeza. Dirisha likawa giza.

"Imeharibika," nikasema.

"Haijaharibika. Ikirekodi video, kile kioo kinainuka kupisha njia. Dirishani huoni kitu. Unabaki kutazama skrini ya nyuma tu, na juani skrini haionekani vizuri. Hii isiyo na kioo unachungulia huku inarekodi, na uso wa mjomba mkubwa inaufuata yenyewe hata akitembea."

Kumbe kile nilichokipenda ndicho kinachofumba jicho wakati wa kazi. Hata hivyo sikuridhika. Mpwa wangu anajua kuongea, na muuzaji alikuwa ananyamaza kila anapoongea, kama mtu anayesaidiwa kuuza.

"Sisi hatununui ng'ombe wa maziwa kwa kuambiwa," nilimwambia kijana. "Anakamuliwa mbele yetu."

"Hilo nalijua, mzee. Hata kwetu ni hivyo."

"Basi zikamuliwe. Ziweke zote mbili zinitazame, zirekodi mpaka nitakaposema basi."

"Utafanya nini mbele yake, mzee?"

Swali lilikuwa zuri. Slufay haijaribiwi. Nikatoa rozari mfukoni.

Nisieleweke vibaya. Niliomba kwa moyo wote, nikiliombea koo la kaka. Niliketi kwenye kigoda wanachokalia watu wa pasipoti, kitambaa cha bluu nyuma yangu, kamera mbili mbele yangu, nikafanya ishara ya msalaba. Kijana hakujua akae au asimame. Yeye hafuati kanisa, lakini alivua kofia. Mama akatua kikapu akaanza kuitikia. Watu wawili waliokuja kutoa nakala wakasita mlangoni. Mmoja akaingia, mwingine akaondoka. Sikuruka kitu. Kila tendo la rozari nililitafakari kwa utaratibu, kama tunavyofanya kwenye jumuiya, na mwishoni nikaingia kwenye litania ya Bikira Maria.

Tukiwa katikati ya litania, mama akiitikia "utuombee", ile kamera kubwa ikazima kurekodi. Taa nyekundu ikapotea. Hakuna aliyeigusa.

Nilimaliza sala kwanza. Kisha nikamtazama kijana.

"Ulijua?"

Akajikuna shingo. "Mzee, harusini huwa hatulioni tatizo hilo. Tunarekodi kidogo kidogo."

"Nimeuliza kama ulijua."

"Nilijua. Nyingi za aina hii hazifiki nusu saa, zinajikata. Zimetengenezwa hivyo. Lakini ulikuwa umeipenda."

Nikamgeukia mpwa wangu. "Na wewe?"

"Kwani mimi nilisema tuichukue hiyo?"

Kweli hakusema. Lakini niliona aibu kumwamini upesi hivyo, nikasimama kuishika ile ndogo. Bado ilikuwa inarekodi. Ilikuwa ya moto.

"Hii ina homa."

"Ni joto la duka, mzee, bati hili," kijana alisema upesi. "Ila sikufichi, maana leo nimeshakamatwa. Jua likiwa kali ikachoka sana, nayo hujizima ili isiungue. Na betri inakula kuliko ile kubwa."

"Kwa hiyo moja inakatwa na saa, nyingine inakatwa na jua."

"Mjomba," mpwa wangu alisema, "Tlawi asubuhi unaijua wewe mwenyewe. Mara ya mwisho umeona jua kali saa mbili ilikuwa lini?"

Tukaichukua isiyo na kioo. Mpwa wangu akachagua na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, akasema bila hicho tutapata upepo tu. Nilipokuwa nalipa, wale wawili walisogea pembeni wakanong'ona, wakacheka. Nikauliza wanacheka nini. "Hakuna kitu, mjomba." Kijana akaingiza betri ya pili kwenye mfuko wetu akasema hiyo ni zawadi. Sikuwahi kuona muuzaji anatoa kitu kizima bure. Njiani kurudi nilimwambia mpwa wangu aitupe, au walau asithubutu kuitumia siku yenyewe.

"Sawa, mjomba," akasema, akitazama mlima.

Siku ilipofika, Mungu alileta ukungu. Ulitanda juu ya mashamba kiasi cha kutoona zizi. Wengine walinung'unika kwamba picha itakuwa mbaya. Mimi nilishukuru kwa ajili ya ubaridi ule. Kaka alitoka nje amejitanda blanketi, fimbo mkononi. Mpwa wangu alimpigia magoti akabana kipaza sauti kifuani pake. Kaka alikitazama.

"Hiki ndicho kitachukua sauti yangu?"

"Ndiyo, mjomba mkubwa."

"Kitaipeleka wapi?"

"Kwenye kadi, ndani ya kamera." Akamwonyesha kadi nyingine iliyofanana nayo, ndogo kama ukucha.

Kaka akacheka mpaka akakohoa. "Sauti iliyokuwa inawafukuza nyani shambani! Mwanangu, mtafuteni mwenye kadi kubwa."

Kisha uso ukabadilika, akaanza.

Ningependa kusema kwamba niliomba pamoja naye. Nilikuwa nimesimama karibu na kamera, nikitazama taa nyekundu. Nilikuwa nikiigusa ubavuni kuona kama inapata homa. Niliwaza nusu saa, niliwaza betri, niliwaza kidole gumba cha yule kijana na kilichokuwa chini yake. Kaka akaitaja ardhi, watu wakaitikia. Akaitaja mvua, wakaitikia. Sauti yake ilikuwa imekwaruza lakini ilibeba. Kila alipofikia pa kuvuta pumzi niliogopa kwamba ndipo kitu kile kitazima, na kitakachobaki cha kaka yangu kitakuwa nusu ya baraka.

Akawaombea wajukuu. Akamwombea daktari na mikono yake. Halafu, bila kubadili mwendo wa maneno, akasema kwa Kiiraqw, "Na huyu mdogo wangu, anayekizunguka kitu kile kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, ee Mungu, mtulize macho. Mjalie aniitikie ningali naongea."

Watu waliitikia huku wakicheka. Mpwa wangu hakuondoa jicho kwenye kamera, lakini mabega yalimtetemeka. Mimi niliondoa mkono. Nilikwenda kusimama na wengine, nikamtazama kaka, nikaitikia mpaka mwisho. Kama taa ilikuwa inawaka au imezimika, sikujua tena.

Ilikuwa inawaka. Kaka alipomaliza na kuketi, ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na mpwa wangu akabonyeza mwenyewe. Baadaye, tukinywa chai, aliniambia kwamba betri iliyofanya kazi yote ile ilikuwa ile ya zawadi. Ndiyo iliyokuwa mpya. Walipocheka dukani, kijana alikuwa amemwambia, "Mjomba wako nikimwambia nampa kwa sababu ya mgonjwa, hataipokea." Nilimwuliza na kidole gumba je? Akasema hajui habari za kidole. Nimeigeuza kamera ile mara nyingi tangu siku hiyo, sijaona mkwaruzo wala ufa. Sijaacha kuigeuza.

Kaka alipasuliwa akarudi salama, Mungu asifiwe. Anakula ugali. Sauti haikurudi, kilichobaki ni mnong'ono unaokwisha kabla hujafika upande wa pili wa meza. Kwa majuma mengi hakutaka tuiwashe ile video. Halafu mavuno yalipoingia, yeye mwenyewe akaelekeza fimbo kwenye televisheni.

Tuliketi wote. Ukungu ukatokea, na blanketi, na ile sauti iliyokwaruza. Ardhi ikatajwa. Sisi tulikuwa tukitazamana, hatujui kama video inaitikiwa. Kaka aliinua mkono wake, akafungua mdomo, na kwa mnongʼono ule ule akaitikia baraka yake mwenyewe. Basi nasi tukaitikia nyuma yake, na ilipofika pa mbuzi aliyepotea, alinigonga goti kwa fimbo.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie koo na masikio. Akupe ndugu wa kukuombea kwa sauti, na akupe kumwitikia angali anaongea. Mvua ikufikie kwa wakati, wagonjwa wako wainuke, na macho yako yapate kutulia. Amina.