Nilivyoinstall compiler ya AVR kwenye Linux ili dada yangu kiziwi ajue mtoto wake analia

Wakuu, niaje. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeamua kuandika. Haya nimeyaona kwa macho yangu.

Mimi ni mwanamke, naishi mtaa wa Tassia, nafanya kazi kwenye cyber, duka la huduma za intaneti. Code nimejifunza mwenyewe kwa video, kidogo kidogo. Msinitarajie kama engineer.

Nina mdogo wangu anaitwa Nekesa. Ni kiziwi tangu utotoni. Anaishi mtaa wa Mowlem na mumewe Wafula, fundi wa welding ambaye mara nyingi hupangiwa kazi za usiku. Mwaka huu walipata mtoto wao wa kwanza, wa kiume.

Wafula akiwa kazini, Nekesa hubaki na mtoto peke yake. Alikuwa anaogopa kulala. Anamfunga mtoto kifuani na kuketi hivyo mpaka kukuche.

Mama mkwe wake alipokuja kutoka Bungoma kumwona mjukuu, alimkuta amekonda, macho mekundu. Baada ya siku chache akasema ataenda na mtoto nyumbani, amlee mpaka aanze kutembea.

Si mtu mbaya. Hajui lugha ya ishara, kwa hivyo aliniambia mimi, kwa upole: "Mwambie dada yako simnyang'anyi. Lakini mtoto akipaliwa na maziwa usiku, nani atasikia?"

Nilimtafsiria Nekesa. Alimkumbatia mtoto tu, akageukia ukuta.

Nikamwomba huyo mama mkwe anipe muda hadi Jumapili.

Najua mtaniuliza mbona nisinunue kifaa cha dukani. Nilivyoviona vyote vinapiga kelele. Kelele kwa kiziwi ni ya nini?

Nilitaka kitu kinachosikia mtoto akilia, kisha kitetemeke chini ya mto wa mama yake. Nilikuwa na board ndogo yenye microcontroller ya AVR, yaani kile kichip kinachofanya kazi moja tu uliyokiambia. Nilikuwa pia na kipaza sauti kidogo cha board, yaani mic ya kunasa kilio, na mota ya kutetemesha niliyoitoa kwenye simu mbovu.

Shida ilikuwa laptop. Ni nzee, na mfumo wa Linux ndio pekee inaouweza. Ile programu ya kawaida ya kuandikia code za board ilikuwa ikifunguka tu, inaganda. Ndipo nikaamua kuinstall compiler yenyewe kwenye terminal, pale unapoandika amri kwa maneno. Compiler ndiyo inageuza code uliyoandika iwe lugha ambayo chip inaelewa.

sudo apt install gcc-avr avrdude

Ikaingia vizuri, pamoja na avrdude ya kutuma code kwenye board. Nikaandika code fupi ya kuwasha na kuzima taa ya board, nikacompile. Ikaniambia haioni faili ya avr/io.h. Kumbe compiler huja peke yake, library, yaani code za msaada zilizoandikwa tayari, unaziitisha kando:

sudo apt install avr-libc

Nikacompile tena. Haikusema neno. Kwa Linux, ukinyamaziwa hivyo ujue mambo yako sawa.

Nikachomeka board ili nitume code. Port, yaani njia ya laptop kuongea na board, hakuna. Nachomoa, nachomeka, inaonekana mara moja halafu inapotea. Nilidhani board imekufa, na ilikuwa tayari Jumamosi. Wakuu, hapo nililia kidogo.

Nilipojifuta machozi nikafungua dmesg, pale mfumo huandika kila kinachotokea ndani yake. Nikakuta kuna programu inaitwa brltty ndiyo inanyakua board yangu. Nikatafuta ni kitu gani.

Ni programu ya vipofu. Inaendesha vile vifaa vya kusomea Braille kwa vidole. Chip ya USB kwenye board yangu inafanana na iliyo kwenye baadhi ya vifaa hivyo. Laptop ilidhani kuna kipofu amechomeka kifaa chake anataka kusoma, ikakimbia kumhudumia.

Kuna mtu, sitamjua kamwe, aliyehakikisha kipofu akiwasha kompyuta yake asilazimike kuomba mwenye macho amwekee programu. Ilikuwa kwenye laptop yangu miaka yote, inamngojea mtu huyo. Sikuwa na habari.

Niliitoa kwa heshima, kusema kweli. (Kama kwenu kuna anayeitumia, usiitoe.)

sudo apt remove brltty

Port ikakaa. Nikatuma code, ikakataa: permission denied, yaani sina ruhusa. Hiyo ni ndogo, unajiongeza kwenye group la dialout, la wanaoruhusiwa kutumia port, unatoka na kuingia upya:

sudo usermod -aG dialout $USER

Nikatuma tena. Mistari ikapita, kisha taa ikaanza kuwaka na kuzima.

Ni taa ndogo kama punje ya mchele. Lakini maneno niliyoandika kwa mkono wangu yalikuwa yamegeuka mwanga. Nilimwita jirani aje aone. Akaangalia, akasema ni taa tu, akarudi kufua nguo zake.

Kutoka hapo nikaunga kipaza sauti na mota. Nikaandika code ili sauti ikiwa kubwa, mtetemo uwe mkali zaidi. Nikapunguza usikivu pia, ili honi za barabarani zisimwamshe bure.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Mowlem. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda chake, kipaza sauti nikakiweka karibu naye. Nekesa akajilaza kwenye kitanda cha wakubwa, mota ndani ya foronya ya mto wake, akapitiwa na usingizi kabisa. Mimi, Wafula na mama yake tukakaa mlangoni.

Mtoto akaanza kunung'unika, kisha akalia. Mama akainuka. Wafula akamshika mkono. "Mama, ngoja."

Nekesa akafumbua macho. Hakutuangalia. Aliinuka moja kwa moja, akamchukua mtoto, akamnyonyesha.

Mama akaenda kuketi kando ya Nekesa, akaniuliza, "Kwa mikono, 'umefanya vizuri' inasemwaje?"

Nikamwonyesha. Akairudia mwenyewe, polepole. Wiki hiyo alirudi Bungoma peke yake.

Funzo langu: soma error mpaka mwisho, usiikimbie. Na hizi mashine zetu zimejaa kazi za watu waliomfikiria mtu mwingine kabla hajafika.

Sasa naomba msaada wenu. Siku hizi, mtoto akilia mchana, Nekesa humbeba, halafu hushika ile mota kwenye kiganja na kutabasamu. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa ishara, "Ndiyo sauti yake."

Ameniomba kitu kimoja: ahisi na kicheko. Mtoto ameanza kucheka, na kicheko chake ni kidogo, code yangu haikikamati. Mwenye kujua namna ya kukitofautisha na kelele za mtaa, tafadhali aandike hapa chini.