Misimamo ya Bwana Jumapili

Wapo wanaopumzika kwa kucheza karata, na wapo wanaofuga kuku. Mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, pale mkabala na kituo cha mafuta, yeye alipumzika kwa kusahihisha kamusi elezo ya mtandaoni. Hakulipwa chochote, na ole wako umwambie anapoteza wakati. Kamusi elezo hiyo huandikwa na yeyote anayetaka na kusahihishwa na yeyote aliyeudhika. Sharti lake kubwa ni moja: kila unachokidai, onyesha kilichapishwa wapi, na uonyeshe kwa tanbihi chini ya ukurasa. Sharti hilo lilimwingia mama huyu damuni. Mumewe akisema mchuzi wa jana ulizidi chumvi, anaulizwa ushahidi. Ndiyo maana nyumba nzima, na baadaye mtaa mzima, ukamwita Bi Tanbihi, naye akalipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Alianza na makala ya kiberiti. Baba yake, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha viberiti enzi za ujana wake, aliisoma kwenye kompyuta ya dukani akaguna. Kulingana naye, aliyeiandika hajawahi hata kuona kijiti kikichovywa. Akamweleza binti yake ukweli wote, tangu kuchagua mti hadi kubandika lebo, na binti akauandika wote, na mahali pa chanzo akajaza: "baba yangu". Haikupita saa moja, kila kitu kikafutwa. Mzee alinuna wiki mbili.

"Nimefanya kazi mle miaka kumi na minne," alisema. "Wao wamefanya mingapi?"

Bi Tanbihi somo alilipata.

Mwaka huu zikaja vurugu za Bwana Jumapili. Huyu ni mwandishi wa makala za siasa. Kwa miaka thelathini safu yake ilitoka kila Jumapili, na watu waliisoma ama wakubaliane naye, ama wapate cha kumtukania. Alipostaafu, ukurasa wake kwenye kamusi elezo ukageuka uwanja wa ngumi. Asubuhi anaamka "mtetezi wa wanyonge", mchana amekuwa "kibaraka", ikifika saa kumi ni mtetezi tena. Wanaompenda na wasiotaka kumsikia wakarushiana maneno mwezi mzima. Mwishowe wakakubaliana jambo moja tu, kwamba sehemu ya "Misimamo" aiandike Bi Tanbihi. Kabla ya kuipokea kazi, aliwaandikia wote wazi: baba yangu alikuwa kwenye mgomo wa kiwanda cha viberiti, na mwandishi huyu aliupinga mgomo ule, mkiona naegemea upande, nivuteni. Wakamwambia aendelee tu, wanamwamini.

Ni rahisi kusema hivyo kama humjui baba yake.

Mzee alikuwa anashinda dukani kila siku, akibana karatasi kwa stepla na kuwapa wateja ushauri ambao hawakuuomba. Aliposikia habari ile, aliiweka stepla chini.

"Hatimaye," akasema. "Andika kwamba alituita wavivu."

"Alisema lini, baba?"

"Wiki ya pili ya mgomo. Miaka ishirini na sita sasa. 'Wafanyakazi hawa ni wavivu.' Hata nikiwa usingizini nakutajia."

"Basi nitalitafuta gazeti lenyewe."

"La nini? Si nimekwambia mimi?"

"Baba, sheria unaijua."

"Naijua. Nimekuzaa, nimekulea, ila mimi si chanzo." Akavua miwani. "Sikiliza, mama. Sijawahi kukuomba kitu humu ndani, hata kiti nilikuja na changu. Leo nakuomba hili moja. Ukimwandika mtu yule halafu neno lile halimo, mimi nitakaa nyumbani. Hapa hutaniona tena."

Hakuwa anatania. Mgomo ule ulivunjika katika wiki ya sita, kiwanda kikarudisha nusu ya watu, na yeye hakuwemo katika nusu hiyo. Tangu hapo, mpaka alipozeeka, alikuwa akitengeneza vyerehani vya watu sebuleni kwake. Hakumlaumu mwenye kiwanda wala viongozi wa mgomo. Hasira zote alizielekeza kwa mtu mmoja mwenye kalamu, kwa ajili ya neno moja. Na Bi Tanbihi alimpenda baba yake sana. Zile asubuhi za kubishana naye dukani mpaka wateja wanasahau kilichowaleta zilikuwa raha ya maisha yake, na hakutaka kukiona kile kiti kitupu.

Jumanne alimwachia mumewe duka, akaenda maktaba kuu. Mkutubi alimletea magazeti ya mwaka ule, yamejalidiwa pamoja, mazito kama mfuko wa saruji, na vumbi lake lilimpigisha chafya nne mfululizo. Tusimfichie siri: alikuwa anaomba neno lile liwemo. Huo si uadilifu wa msahihishaji, lakini ndivyo alivyokuwa. Alisoma safu ya wiki ya pili. Halimo. Akasoma ya wiki ya kwanza, ya tatu, mpaka ya nane. Akasoma barua za wasomaji, vichwa vya habari, hata maneno yaliyo chini ya katuni. Kisha akasoma Jumapili zote za mwaka mzima, huku mkutubi akimtazama kwa huruma. Neno "wavivu" Bwana Jumapili alilitumia mara moja tu mwaka ule, na alikuwa anawasema wabunge.

Aliiandika sehemu ya "Misimamo" kulekule maktaba, akarudi dukani na nakala.

"Umelipata?" mzee akauliza kabla hajakaa.

"Nimeipata safu ya wiki ya pili. Yote, tangu mwanzo hadi mwisho."

"Nisomee. Maandishi gani haya, ya sisimizi?"

Bi Tanbihi akavuta kigoda, akamsomea kwa sauti. "Madai ya wafanyakazi wa kiwanda cha viberiti ni ya haki, na mwenye kiwanda anajua hivyo. Lakini wakati waliouchagua unamfaa yeye. Ghala limejaa. Anaweza kuuza miezi mitatu bila kuwasha mtambo hata mmoja, na wao hawawezi kukaa miezi mitatu bila mshahara. Viongozi wao warudi kwenye mazungumzo leo, kabla njaa haijawarudisha."

 Mzee akamwomba arudie pale penye ghala.

"Ni kweli, lilijaa," akasema polepole. "Tulilijaza wenyewe. Tulifanya kazi za ziada mwezi mzima kabla ya kugoma, sijui tulikuwa na akili gani." Akatikisa kichwa. "Lakini kurudi wiki ile, mikono mitupu? Hapo alikosea."

"Chama chenu cha wafanyakazi kilimjibu hivyohivyo, Jumapili iliyofuata. Nimeiweka pia."

"Umeiweka wapi?"

Akamgeuzia kompyuta. Mzee akasoma, kidole kikifuata mstari juu ya kioo: kwamba katika mgomo ule mwandishi alisema madai ya wafanyakazi ni ya haki, ila akawashauri warudi kwenye mazungumzo kwa kuwa ghala lilijaa, kwamba chama chao kilijibu kuwa kurudi bila ahadi ya maandishi ni kushindwa, kwamba mgomo ulivunjika katika wiki ya sita. Kila sentensi na tanbihi yake. Neno la mzee halikuwemo. Bi Tanbihi alikuwa anakitazama kile kiti, akisubiri kukiona kinasukumwa nyuma.

"Inaniudhi," mzee akasema. "Ila uongo sijauona." Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na binti yake alishtuka, kumbe ni kicheko. "Miaka ishirini na sita namchukia kwa jambo ambalo hakulisema. Sasa itabidi nianze upya, nimchukie kwa alilolisema. Na umri wenyewe ndio huu."

Walicheka mpaka mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akawauliza kama arudi baadaye.

Mteja alipoondoka na picha zake, Bi Tanbihi akafuta machozi ya kicheko, akauliza kwa mazoea yake, "Sasa lile neno, baba, lilitoka wapi?"

Mzee aliacha kucheka. Akaichukua stepla, akaibana mara mbili bila karatasi.

"Kwani wewe hukumbuki?"

"Nikumbuke nini?"

"Ulikuwa na miaka tisa. Kila Jumapili nilikuwa nakupa gazeti utusomee mezani, mimi na mama yako, ili uzoee kusoma. Siku ile ukasoma hii. Ukaisoma vizuri kabisa, hukukwama popote. Ulipomaliza ukalikunja gazeti, ukaniuliza, 'Baba, kwani nyinyi ni wavivu?'"

 Bi Tanbihi alitafuta kichwani mwake. Meza aliiona, na kitambaa chake cha plastiki chenye maua. Swali lenyewe hakuliona.

"Mama yako alicheka. Mimi nikainuka, nikatoka nje," mzee akaendelea. "Neno lilinikaa kooni. Na mtoto wa miaka tisa utamchukiaje? Ikabidi nilitafutie mtu mwingine. Nikampa yule bwana."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Mtoto alikuwa anauliza." Akaiweka stepla mezani, akamtazama usoni. "Ila siku ile sikukujibu, mwanangu. Jibu ni hapana."